Valvu Imefungwa

Mara ya kwanza Inspekta hakuua mtu. Mara ya pili pia hakuua mtu. Mara ya tatu alikusudia kuua kabisa, akashindwa.

"Jaribu tena," alisema Daktari, amesimama nyuma ya kiti, mikono mifukoni.

"Nijaribu nini? Mashine yenyewe inanipigia kelele nisifanye."

Mbele yake palikuwa na skrini pana, na ndani ya skrini kiwanda cha sabuni: boila, mabomba, masufuria ya kupikia, na chini kabisa shimo la mabomba lenye vijitu viwili vya kijani vinavyoinama na kuinuka kama vinafanya kazi. Aliyekaa kwenye kiti alitakiwa kuamua jambo moja tu, afungulie mvuke au asubiri. Pembeni taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima, na chini yake maandishi ambayo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeyasoma: VALVU YA SHIMONI: WAZI. Ukifungulia mvuke valvu hiyo ikiwa wazi, mvuke hauendi kwenye masufuria. Unavifuata vile vijitu.

Pale kituo cha polisi Inspekta huyu walimwita Rudia. Jina la wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Rudia lilitokana na neno alilowatia nalo jasho mashahidi. Unamweleza kisa chako vizuri, machozi yakiwa mahali pake, naye anakuangalia kama mtu anayesubiri basi, halafu anasema, "Rudia." Huko kwenye kurudia ndiko wengi walikoangukia.

Daktari hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa vitabu, mkuu wa maabara hii ambayo haikuwa na chupa wala darubini, ila kompyuta, viti, na bango la mlangoni: TAHADHARI, KAMERA ZIMEFUNGWA. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alijibu maswali polepole, kama anayehofia kuyaumiza.

"Hebu nieleze kwa lugha ya mtu aliyefukuzwa shule," alisema Rudia. "Hii michezo inakuambia nini?"

"Si michezo, Mama. Kichwa cha mtu huwezi kukifunua kikiwa kinafikiri. Kwa hiyo tunamjengea dunia ndogo ndani ya kompyuta, tunampa tatizo, tunaangalia anashika njia ipi. Tunabadilisha kitu kimoja, tunamwita mwingine. Halafu tunaandika programu inayojaribu kuamua kama wale watu walivyoamua. Ikipatia wanapopatia na kukosea wanapokosea, tunasema kidogo tumeelewa mtu anavyofikiri."

"Na hiyo programu iko wapi?"

Daktari alitabasamu kwa aibu. "Kwenye ile mashine ya pembeni. Vijana wanaiita Mjomba."

"Kwa nini Mjomba?"

"Ina maoni juu ya kila jambo, na haijawahi kusema sijui."

Rudia alicheka. Kisha hakucheka tena, maana kesi yenyewe haikuwa na mahali pa kuchekea. Fundi mmoja wa kiwanda cha sabuni, maarufu kwa jina la Spana, alikuwa ameungua kwa mvuke ndani ya shimo la mabomba, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia kazi, aliokoka na mikono ya bendeji. Aliyefungulia mvuke ni Opereta wa boila, mwanamke ambaye Spana alikuwa ameoa dada yake. Na miezi michache nyuma Spana alikuwa amemhama mkewe na kwenda kuishi kwa mwanamke mwingine, na Opereta alikuwa amesimama katikati ya kantini, watu na sahani zao, akamwambia, "Mimi si shemeji yako tena, unisikie vizuri."

Basi. Kiwanda hakikuhitaji zaidi. Kiwanda kikimpoteza mtu huwa kinatafuta haraka mtu mwingine mdogo wa kubebeshwa, na hapa mdogo alikuwa amejibeba mwenyewe mbele ya kantini nzima. Wakuu waliomba maabara ya Daktari ijenge tukio lile upya. Waliitwa walimu, madereva, wauza duka, wanafunzi. Wote walikaa kwenye kiti hiki na hakuna aliyefungulia. Mjomba naye hakufungulia. Kiwanda kikaandika: mtu wa kawaida hawezi kukosea hapa, kwa hiyo aliyefungulia alikusudia. Mwendesha mashtaka alikuwa analitaka jalada kesho yake, na shtaka lilikuwa la kuua kwa kukusudia.

Asubuhi ile, akitoka kituoni, Rudia alimkuta mjane wa Spana kwenye benchi la nje, mfuko wa nguo mapajani. Hakutaka kuingia kumwona mdogo wake, Opereta, mahabusu, na hakutaka kurudi nyumbani.

"Niambie kitu kimoja tu," mjane alimwambia. "Kama alifanya kwa ajili yangu. Mimi sikumtuma. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu, lakini nilikuwa bado namfulia mashati."

Rudia alichokuwa nacho ni maelezo mawili yanayopigana. Opereta alishikilia kwamba Spana alimwambia kwa redio ya mkononi kuwa valvu imefungwa. Mdogo wake Spana aliapa kwamba valvu ilikuwa wazi na kaka yake si mtu wa kusema uongo. Mmoja wao anadanganya, na mwenye sababu ya kudanganya alikuwa mahabusu. Ndivyo jalada lilivyosema, na lilisema kwa mwandiko mzuri.

Sasa aliitazama tena ile taa nyekundu.

"Daktari, hii taa umeitoa wapi?"

"Ni njia yetu ya kumpa mtu habari. Ripoti ya Injinia wa kiwanda inasema Opereta aliarifiwa kuwa valvu iko wazi. Sisi tukaiweka habari hiyo kwenye taa."

"Mimi nimesimama kwenye chumba cha boila. Kule hakuna taa ya valvu ya shimoni. Kuna redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kelele mpaka meno yanacheza."

"Taa au redio, habari ni ileile," alisema Daktari. Halafu akaiangalia tena ile taa, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli na sentensi yake mwenyewe haikumkaa vizuri. "Au siyo?"

"Sijui. Mimi si Mjomba," alisema Rudia, akachukua mkoba wake.

*

Wodi ya majeruhi wa moto ilikuwa na mapazia ya kijani na harufu ya dawa ya vidonda. Mdogo wake Spana, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alikaa kitandani mikono yote miwili ikiwa juu ya mto kama vitu vya mtu mwingine.

"Pole, baba."

"Nishapoa, Mama. Nimeshawaeleza wenzako kila kitu."

"Wamenisomea. Sasa nieleze mimi. Asubuhi ile mlifanya nini?"

"Kazi ya kawaida. Valvu ilikuwa inavuja. Tukaifungua, tukaisafisha, tukabadilisha gasketi, mchana tukaifunga. Kaka akampigia Opereta kwenye redio kumjulisha tumefika wapi."

"Akamwambia nini?"

"Kwamba iko sawa, imekaa mahali pake."

"Hayo ndiyo maneno yake?"

"Ndiyo maana yake."

"Sikukuuliza maana. Rudia maneno."

Yule bwana alifumba macho. Mtu akiombwa maneno ya marehemu huwa anayatafuta kwa uangalifu, asije akamwekea mdomoni neno lisilo lake.

"Alisema, 'Shem, valvu imefungwa, tunakunja vifaa.'"

Maneno yaleyale. Opereta alikuwa ameyasema hayohayo mahabusu, ila bila lile neno la kwanza. Mashahidi wawili wanaopigana kwenye jalada walikuwa wamesikia sentensi moja.

"Umesema mliifunga," alisema polepole. "Na umeapa kwamba ilikuwa wazi."

"Ndiyo."

"Baba, niangalie. Kitu kilichofungwa kinakuwaje wazi?"

Yule bwana alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni asiyejua choo kiko upande gani. "Mama, tuliifunga kwenye bomba. Tuliipachika, tukakaza nati. Valvu ile lazima uifunge ikiwa wazi, ukiifunga ikiwa imezibwa unakwaruza kiti chake cha ndani, pale inapokalia ikiziba. Ukishaifunga, ndipo unaizungusha kuiziba. Kaka alikuwa anainama kuokota ufunguo wa kuizibia."

"Unaifunga ikiwa wazi."

"Lazima."

"Na Opereta amewahi kufanya kazi ya ufundi?"

"Shem? Yeye ni mtu wa chumba cha juu. Kwao kufunga ni kufunga, kama koki ya bafuni." Alisema, kisha midomo yake ikabaki wazi. Mikono miwili ya bendeji ilijaribu kuinuka kutoka kwenye mto, ikashindwa. "Mungu wangu. Alidhani… Alidhani kaka amemwambia…"

Rudia alimwacha alie. Hakuna kazi ya upelelezi katika dakika kama hizo, na anayejaribu kuifanya ana kasoro. Alipoona amepata tena sauti, aliuliza jambo moja.

"Walikuwa hawasemezani, nasikia."

"Nani kasema? Walikuwa hawasemezani mbele ya watu." Alijaribu kucheka. "Kaka alikuwa ameshaanza kuona haya. Alikuwa anamtuma shem ampelekee salamu mkewe, naye anajibu, 'Miguu huna?' Lakini salamu anapeleka."

Akiwa kwenye ngazi za hospitali, Rudia alisimama ghafla, muuguzi nusura amgonge kwa toroli. Lile bango la wagomaji. Zamani, akiwa askari mpya, alipangwa kusimama kwenye geti la kiwanda kilekile wakati wafanyakazi wamegoma. Mbele ya mgomo walimtanguliza fundi mmoja aliyepofuka macho yote mawili ndani ya shimo lilelile la mabomba, anaongozwa kwa mkono, na nyuma yake bango la shuka: TUPENI MANENO MAWILI. Hakuna aliyelielewa. Alitoka ofisini bwana mmoja kijana, mikono ya shati imekunjwa, akalisoma kwa sauti na kucheka. "Watu wazima wamegoma kwa ajili ya maneno!" Geti zima likacheka naye, na magazeti yakacheka kesho yake. Wafanyakazi wakarudi kazini, na yule fundi akapewa cheti cha shukrani, kama vile angeweza kukisoma.

Yule bwana kijana sasa alikuwa na mvi na alikuwa Injinia Mkuu. Ripoti ilikuwa ya mkono wake.

*

"Ondoa taa," Rudia alimwambia Daktari. "Weka sauti. Maneno haya, hivihivi, usiyasafishe."

Daktari aliyasoma kwenye karatasi, akaketi. Akavua miwani. "Sisi tulimpa mtu jibu, kisha tukampongeza kwa kulijua," alisema. "Mjomba hatujawahi kumpa neno lenye maana mbili. Tunampa sifuri au moja."

"Mlangoni kwako umeandika kamera zimefungwa. Mwizi akisoma hapo, aingie au akimbie?"

Daktari aligeuka kuutazama mlango wake kama hajawahi kuuona.

Walianza na watu waliokuwa kwenye jengo. Mhasibu wa taasisi alikaa, akasikiliza sauti ikitoka kwenye spika, "Shem, valvu imefungwa, tunakunja vifaa," akafungulia mvuke papo hapo. Skrini ikawa nyeupe yote, vijitu vikatoweka.

"Yarabi! Sasa kosa langu nini?" alilalamika. "Si amesema imefungwa? Mlitaka nimpigie simu mama yake nihakikishe?"

Mlinzi wa geti, aliyewahi kufanya kazi gereji, alisikiliza na kuondoa mkono. "Bado huyu," alisema. "Ndiyo kwanza ameipachika." Mkutubi alifungulia. Dereva alisubiri. Katibu muhtasi alifungulia, akajiziba uso. Daktari aliandika kila mmoja na kazi yake.

Injinia Mkuu alipofika, alifika na haraka za mtu anayesubiriwa mahali pengine. Shati lake lilikuwa limenyooka, na alimpa Rudia mkono bila kumkumbuka. Kwa kawaida wanaosimama getini hawakumbukwi.

"Nimeambiwa mmebadilisha mashine," alisema. "Baada ya ripoti kutoka? Ajabu sana, Daktari."

"Tumeongeza maneno ya marehemu tu," alisema Rudia. "Karibu ujaribu, mzee. Wewe ndiye unayekijua kiwanda kuliko sisi."

Sifa ile ilimkalisha kwenye kiti. Boila ikanguruma kwenye spika, vijitu vikainama na kuinuka. "Shem, valvu imefungwa, tunakunja vifaa."

Kidole cha Injinia hakikwenda popote. Alingoja, akakunja mikono kifuani, kisha akageuka akitabasamu.

"Mnaona? Sikufungulia. Nimewaambia tangu mwanzo, mtu mwenye akili timamu hakosei hapa."

"Hongera," alisema Rudia. "Kwa nini hukufungulia?"

"Kwa sababu fundi hajasema ameiziba. Amesema ameifunga. Valvu hufungwa ikiwa wazi, hilo kila mtu wa karakana analijua."

Kule pembeni feni ya Mjomba ilikuwa ikizunguka. Tabasamu la Injinia lilibaki usoni muda kidogo baada ya mwenyewe kuondoka humo.

"Rudia," alisema Rudia.

Injinia hakurudia.

"Basi nitarudia mimi. Ulisikia neno hili mara moja ukajua lina sura mbili. Karakana wanalisikia hivi, chumba cha boila wanalisikia vile. Ulijua leo, na ulijua siku ulipochukua maelezo ya hawa watu wawili. Ungeandika maneno yenyewe, mtoto wa shule angeona kilichotokea. Wewe ukaandika 'aliarifiwa kuwa valvu iko wazi.' Hayo si maneno ya mtu yeyote aliyekuwa kule. Ni yako."

"Nilifupisha. Ripoti haziandikwi kwa lugha ya shimoni."

"Ulifupisha mtu akaingia mahabusu."

"Inspekta, una ushahidi gani kwamba nilijua kabla ya leo?"

"TUPENI MANENO MAWILI," alisema Rudia. "Shuka jeupe, rangi nyeusi. Wewe ulilisoma kwa sauti, na uliyacheka maneno na kipofu amesimama mbele yako. Mimi nilikuwa yule askari wa kushoto mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Walitaka 'imepachikwa' liwe neno moja na 'imezibwa' liwe lingine. Kalamu tu na tangazo la ukutani. Leo ukikubali kwamba neno limeua, lazima ukubali kwamba walikuwa na haki tangu siku ile, na kwamba Spana amekufa kwa sababu ya kicheko chako. Ikawa rahisi zaidi kusema mwanamke ana kisasi."

Injinia alimtazama Daktari, msomi kwa msomi, akitafuta mkono wa kushika.

"Mimi nitaandika ripoti mpya," alisema Daktari kwa sauti ndogo. "Nitaanza kwa kusema ya kwanza ilikuwa mbovu, na kwa nini."

"Nawe, mzee, tutaongozana," alisema Rudia. "Kupotosha upelelezi nako kuna chumba chake."

*

Jua lilikuwa bado liko juu waliporudi kituoni. Mjane alikuwa palepale kwenye benchi. Alimwona Injinia akishuka kwenye gari la polisi. Alimtazama Rudia tu, vidole vimeshikilia mfuko wa nguo.

Rudia alikaa kando yake. Alimweleza yote, taratibu, bila kupamba: kufungwa kwa fundi na kufungwa kwa opereta, ufunguo aliokuwa anauokota, maelezo mawili yaliyokuwa moja.

"Hakufanya kwa ajili yako," alimalizia. "Hakufanya kabisa. Mumeo alisema kweli, na mdogo wako alimwamini."

Mjane hakulia. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Rudia," alisema.

Inspekta alidhani anaitwa. "Nipo."

"Hapana. Maneno yake. Yarudie kama alivyosema."

"'Shem, valvu imefungwa, tunakunja vifaa.'"

"Shem?" Mjane alimgeukia, na sauti yake ilikuwa na mshangao ambao haukuwa wa msiba. "Alimwita shem? Na yeye akaitika?"

"Akaitika."

Mjane alisimama, akaupapasa mfuko wa nguo, akautazama mlango wa kituo aliokataa kuuvuka tangu asubuhi.

"Mwambie askari wako afungue," alisema. "Mdogo wangu hajabadilisha nguo tangu juzi."